Umeniuliza kuhusu ngoma za prodyuza wako

Mama,

Tunakuita hivyo kwa haki, mwanangu, jina ni la mamangu, na yeye hakuwahi kuulizwa jambo akalijibu kwa mkato.

Zile nyimbo nane tumezipata. Mama yako ndiye aliyenifungulia kwenye simu yake, yangu imejaa tena. Swali lako ni moja: umeimba kwa gita na sauti yako tu, usiku, chumbani, prodyuza anataka kutia ngoma, besi na kinanda kabla albamu haijatoka. Ukubali, au uziache zilivyo? Nimekaa nalo tangu Ijumaa. Kila nikitaka kulijibu namkumbuka Ayub Ogada, yule mwanamuziki wetu, nikimkumbuka Ogada naikumbuka nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, na nikishaikumbuka nyatiti naangukia kwenye matanga ya babu yako. Basi nivumilie.

Ile kaseti yake ya *En Mana Kuoyo* unaijua, uliisikia mpaka redio ya gari ikaitafuna. Watu hudhani yule bwana alitoka kijijini na nyatiti begani, akaokotwa na Wazungu. Sivyo. Alizaliwa hapa hapa Mombasa, 1956, akiitwa Job Seda. Miaka ya sabini alikuwa na Black Savage, vijana wa gita za umeme, kisha akawa na bendi ya African Heritage huko Nairobi. Hata kwenye sinema ya *Out of Africa* yumo, ukitazama vizuri. Mwaka 1986 ndipo alipokwenda Uingereza, akapiga nyatiti kwenye treni za chini ya ardhi za London, watu wakimpita na mabegi yao. Kutoka hapo tamasha la WOMAD 1988, la muziki wa dunia nzima, kutoka hapo Peter Gabriel, yule mwimbaji Mwingereza, na 1993 albamu ikatoka kwa Real World, kampuni ya huyo Gabriel. Hasa sauti, nyatiti, na vitu vichache vya kugongagonga.

Wimbo unaojulikana kuliko zote ni *Kothbiro*, kwa sababu ya ile sinema ya *The Constant Gardener* ya 2005. Wewe mwenyewe ulipoiona ulinipigia simu unalia, ukasema ni wimbo wa msiba. Kijaluo chako ni cha kuombea chai, mama. Mle ndani mvua yaja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Hakuna aliyekufa.

Sasa sikia jambo ambalo pengine prodyuza wako halijui. *Kothbiro* hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kurekodiwa na Black Savage, bendi nzima, miaka mingi kabla. Baadaye Ogada akauchukua wimbo akauvua nguo zote, akabaki na nyatiti. Na sinema ikauchagua huo uliovuliwa. Hapo nilikuwa nimeshakuandikia ukurasa mzima kwamba unaona, ngoma za nini. Nimeuchana. Maana mwaka 2018 Kanye West, yule rapa wa Marekani, alipotaka kipande cha kuweka kwenye wimbo wake wa *Yikes*, alichukua ule wa bendi! Kwa hiyo hoja yangu imevunjika mguu, na sitaki ukaipeleke studio ikichechemea.

Nikaona labda swali si ngoma. Mimi nasema siku zote, na mama yako anasema nimelisema mpaka paka analijua: wimbo lazima umjue anayeimbiwa.

Nyatiti tuliyokulia nayo haikuwa chombo cha upweke. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, nyatiti ameilaza chini mbele yake, nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ubao, na mguuni kuna njuga, tunaziita gara. Na hapigi wimbo mpaka mwisho hivi hivi. Wewe uliyekaa hapo unanyanyuka, unatupa pesa, muziki unasimama, unajisifu: mimi ndiye fulani, mwana wa fulani, mkwe wa kina fulani, ng'ombe wangu hawahesabiki. Hiyo ndiyo pakruok. Ukimaliza, anaendelea, na jina lako limeingia wimboni. Usipotoa kitu, unaweza kukesha pale usitajwe.

Basi kwenye matanga ya babu yako, safari ile basi lilipotulaza Mtito Andei, ulikuwa mgongoni mwa mama yako, hujaanza kusema. Mpigaji akaja jioni. Na ndugu yake babu, yule wa Kisumu mwenye pikapu, akaanza. Ananyanyuka, anatupa noti, anajisifu. Anakaa. Nyuzi tatu nne, kanyanyuka tena. Pikapu yake ikasifiwa. Mkwewe akasifiwa. Mbwa wake, wallahi, akasifiwa. Na mzee wangu amelala mle ndani ya nyumba, jina lake halijaguswa tangu jua lizame. Mimi mfukoni nilikuwa na sarafu za kununulia mkate. Nilikaa kwenye kiti kile nikitazama miguu yangu. Nikikuandikia hivi masikio yanapata moto, na huyo wa pikapu mwenyewe tulishamzika.

Mama yako, Mgiriama wa watu, hajui neno la Kijaluo isipokuwa "amosi", akaniuliza kwa nini wanamsifu huyu na si marehemu. Nikamweleza. Hakusema kitu. Alisimama na wewe mgongoni, akafungua pindo la leso, akaweka pesa zote miguuni mwa mpigaji. Muziki ukasimama. Akasema kwa Kiswahili cha Kaloleni, watu wote kimya: mimi ni mke wa Mombasa, na huyu aliyelala ndani ni baba yangu, maana siku nilipoletwa hapa wenzake walinung'unika kwamba kijana ameoa mbali, yeye akala samaki wangu wa nazi sahani mbili, akasema kuanzia leo mtu asiniletee samaki mwingine. Kisha akaketi.

Yule wa pikapu alicheka. Alicheka peke yake. Mpigaji alimtazama mama yako kidogo, akarudi kwenye nyuzi, na kuanzia hapo hadi jogoo ilikuwa mzee, mzee, mzee, na mke wa Mombasa na samaki wake. Mama yako haelewi neno, anatokwa na machozi.

Zile pesa za pindoni zilikuwa nauli yetu ya kurudi. Hilo usimkumbushe.

Sasa ona. Kwenye kaseti ya Ogada hakuna anayesimama kumkatiza. Nyatiti ile ile, lakini hakuna wa noti, hakuna wa pikapu, hakuna mke wa Mombasa. Miaka ya kwanza nilisema huyu anamwimbia nani? Wazee wa kwetu walisema hiyo si nyatiti, hiyo ni nyatiti ya Ulaya. Nami nikakubali, kwa sababu ya lile neno langu. Lakini mbona nikiisikiliza naona kama ameacha nafasi ya mtu kunyanyuka, kila baada ya nyuzi chache, na nafasi ile inabaki wazi, na inaniuma pale pale? Pengine kila anayesikiliza ndiye aliyeachiwa. Nyimbo zako mbili tatu nimezisikia hivyo. Ule wa duka la kona, sijui ulijuaje mambo yale. Ngoma ikiingia pale si itakalia kiti cha mtu?

Halafu najibishana: na ile pete ya kidole na zile gara ni nini kama si ngoma? Mpigaji wa nyatiti hajawahi kuwa uchi, anajipigia ngoma kwa mguu wake. Kwa hiyo prodyuza wako si mjinga. Hata Ogada aligonga vitu.

Sitakwambia la kufanya. Wewe ni mtu mzima, jina litakaloandikwa juu ya albamu ni lako, na mimi nilifanya kazi bandarini, sikufanya studio. Ila wimbo wa tatu. Ule wa tatu, mama, mtu akiutia kinanda nitapanda treni nije huko huko. Mingine sisemi.

Mama yako amesoma barua hii juu ya bega langu na anakataa. Anasema ngoma ziwekwe zote, hasa wimbo wa tatu, maana tayari anaucheza akikuna nazi. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe. Anasema atakupigia Jumapili baada ya kanisa, kwa hiyo weka simu chaji.

Ni mimi,
Babako