Maswali ya walimu: siku za ugonjwa na ruhusa binafsi katika shule za umma Marekani

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: nikiugua, au nikiuguliwa, nikae nyumbani siku ngapi, na nani atanilipa? Walioandika ni walimu wa shule za umma hapa Marekani, wengi wakiwa mwaka wa kwanza au wa pili kazini. Nimekuwa mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha zaidi ni mwalimu anayekuja kuniuliza siku zikiwa zimeshamwishia.

Kwanza mjue hivi. Hakuna sheria ya serikali kuu inayompa mwalimu siku za ugonjwa zenye malipo. Hizo hutoka kwenye sheria ya jimbo, mkataba wa chama na sera ya wilaya yako ya shule. Serikali kuu inalinda kazi yako tu, kwa sheria ya mwaka 1993 ya likizo ya familia na matibabu, ambayo kila mtu huiita FMLA: hadi wiki 12 katika miezi 12, bila malipo, huku bima yako ya afya ikiendelea.

Niko Texas, nimeanza Agosti. Karatasi yangu ya mshahara ina siku za "jimbo" na siku za "wilaya". Zinatofautianaje, na nikihama nitazibeba?

Za jimbo utazibeba. Za wilaya, mara nyingi utaziacha. Sheria ya Texas inampa mfanyakazi wa wilaya ya shule siku 5 za ruhusa binafsi kila mwaka. Usipozitumia zinalimbikizwa bila kikomo, na zinakufuata ukihamia wilaya nyingine ya jimbo hilohilo. Wilaya haina ruhusa ya kukuchagulia sababu ya kuzitumia. Inachoweza ni kuweka utaratibu, kwa mfano utoe taarifa mapema.

Uliza leo, si mwakani, siku zipi hukatwa kwanza ukikosa kazi. Nilimwona mwenzetu akihama baada ya miaka sita: siku zake za jimbo zilikuwa zimekwisha zote, za wilaya zimejaa tele, na hizo zilizojaa hazikwenda naye popote. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Nilikosa siku nne kwa maradhi ya kike. Mwalimu mkuu, mwanamume, ameniuliza mbele ya wenzangu niliumwa nini. Lazima nimjibu?

La, dada yangu. Wilaya inaweza kudai cheti cha daktari, na nyingi hudai ukipitisha siku kadhaa mfululizo. Soma sera yako ujue ni ngapi. Cheti hicho kipeleke ofisi ya utumishi. Kwa likizo ya FMLA sheria iko wazi zaidi: ukidaiwa fomu ya daktari unapewa angalau siku 15 za kuirudisha, na msimamizi wako wa moja kwa moja haruhusiwi kabisa kumpigia daktari wako. Mwambie mkuu, kwa upole na kwa maandishi, kwamba karatasi ziko utumishi. Akirudia, mjulishe mwakilishi wa chama siku hiyohiyo.

Natarajia kujifungua tarehe 20 Aprili na shule inafungwa tarehe 5 Juni. Nimeambiwa wiki 12 zinahesabu na likizo ya kiangazi. Tena nilitaka kurudi wiki mbili za mwisho niwaage wanafunzi wangu. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa.

Hongera, mwalimu. Aliyekwambia hivyo amekosea, na kosa lake lingekugharimu mwezi mzima na zaidi na mtoto wako.

Kiangazi, wakati ambao hukutakiwa kuripoti kazini, hakihesabiwi. Kutoka 20 Aprili hadi 5 Juni ni karibu wiki 7. Ukizitumia zote, unabaki na wiki 5, na unaweza kuzichukua shule zikifunguliwa. Kanuni zinasema likizo inayokatika mwisho wa mwaka wa shule na kuendelea muhula unaofuata ni likizo moja mfululizo. Hilo lina uzito, kwa sababu kumlea mtoto mchanga kwa vipande vipande kunahitaji kibali cha mwajiri, na wewe hutakihitaji.

Kuhusu kuwaaga wanafunzi, hapo kuna kizuizi. Walimu wana kanuni yao ndani ya FMLA. Ukianza likizo zaidi ya wiki 5 kabla ya muhula kuisha, ikawa ya wiki 3 au zaidi, na tarehe ya kurudi ikaangukia ndani ya wiki 3 za mwisho, wilaya inaweza kukutaka ukae nyumbani hadi muhula uishe. Wanasema ni kwa ajili ya wanafunzi, wasibadilishiwe mwalimu mara mbili. Lakini siku wanazokuzuia ukiwa tayari kurudi hazikatwi kwenye wiki zako 12. Ukiwa tayari baada ya wiki 5, zimetumika 5 tu. Waombe wayaandike hayo.

Malipo ni habari nyingine. Siku zako za ugonjwa huenda sambamba na FMLA, na kwa kawaida daktari huandika wiki 6 za kupona, au 8 kwa upasuaji. Na kama mumeo anafanya kazi wilaya hiyohiyo, wanaweza kuwagawia wiki 12 nyote wawili kwa ajili ya mtoto, si kila mtu zake.

Nataka pia ujue unasimama juu ya mabega ya nani. Wilaya ya Cleveland ilikuwa ikimlazimisha mwalimu mjamzito kuondoka bila mshahara miezi mitano kabla ya kujifungua, na hakurudi hadi muhula uliofuata baada ya mtoto kutimiza miezi mitatu. Mwalimu Jo Carol LaFleur alikataa na kwenda mahakamani. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa kanuni hiyo. Miaka 50 na ushee tu imepita.

(Walio mwaka wa kwanza: FMLA inataka uwe umetimiza miezi 12 kwa mwajiri huyo, na awe na wafanyakazi 50 ndani ya maili 75. Walimu wa wilaya ndogo za vijijini huweza kukosa haki hii kwa sababu hiyo.)

Niko California, ninatibiwa saratani, siku zangu zimekwisha. Sasa nitaishije?

Pole sana, kaka. Hujafika mwisho wa njia. California inatoa siku 10 za ugonjwa kwa mwaka, na zikiisha zote, sheria inakupa hadi miezi 5 ya shule ya malipo ya tofauti: mshahara wako ukitolewa kile anacholipwa mwalimu anayeshika darasa lako. Tuseme siku yako ni dola 450 na yake ni dola 200, utapata 250. Naam, mwalimu mgonjwa ndiye anayemlipa anayemshikia nafasi. Nimelipinga jambo hili kila nilipopata nafasi, na nitaendelea kulipinga. Walimu wengi wa umma huko hawamo hata kwenye bima ya ulemavu ya jimbo, kwa hiyo usisubiri msaada wa upande huo. Ulizia kama wilaya yako ina mfuko wa pamoja wa siku, ambao wenzako huchangia siku zao. Usione haya kuomba.

Mama mdogo aliyenilea ni mgonjwa sana, yuko nyumbani ng'ambo. Utumishi wanasema si mzazi wangu.

Wamekosea. FMLA inamtambua mtu aliyesimama mahali pa mzazi ulipokuwa mdogo, hata bila damu wala karatasi ya mahakama. Andika maelezo mafupi: alikulea tangu lini, alikulisha, alikusomesha. Na kwa kuwa yuko nchi nyingine, wanapaswa kukubali cheti cha daktari wa huko. Kikiwa kwa lugha nyingine, wewe utatoa tafsiri wakiidai.

Ila akifariki, FMLA haigusi msiba. Hapo utategemea siku za msiba katika mkataba, na hizo ni chache kwa mtu anayevuka bahari. Kwa hiyo usiimalize ruhusa binafsi kwa mambo madogo wakati huu. Zungumza na mkuu sasa, kabla hujalazimika kukata tiketi usiku wa manane.

Nikistaafu na siku zimebaki?

Inategemea jimbo. California huzigeuza kuwa muda wa utumishi kwenye pensheni. Wilaya nyingine hulipa kiasi kidogo kwa kila siku, nyingine hazilipi kitu. Omba hesabu ya siku zako kila Juni, na uihifadhi.