Huyo anayetaka laki tatu akufundishe C++, usimpe

Umeuliza, katika kujifunza kuandika programu za kompyuta, uanze na lugha ya Python au ya Java, kama ajira zipo, kama RAM ya GB 4 inatosha, halafu mwishoni ukachomekea kwamba kuna jamaa anataka laki tatu akuanzishe na lugha nyingine, C++, "maana ndiyo mama wa lugha zote". Rudisha hela mfukoni kwanza, ndiyo tuongee.

Mwalimu wangu alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Mama wa lugha zote! Lugha ya Fortran ilitoka 1957, C ikaja 1972, C++ ikaanza kuuzwa 1985. Mama gani anazaliwa baada ya wanawe? Mimi wakati huo sikujua, nikalipa. Miezi mitano kwenye kichumba chenye feni moja, na feni yenyewe inamwelekea yeye.

Nilitaka kitu kidogo tu: daftari la madeni la duka la mama, liwe kwenye kompyuta. Nikatenga nafasi za wateja kumi. Ikafanya kazi, mama akanisifia kwa majirani. Siku mteja wa kumi na moja alipokopa sukari ya 3,200, programu haikulalamika hata kidogo. Ilimpokea vizuri, ikaenda kumwandika juu ya nafasi ya pembeni kwenye kumbukumbu ya kompyuta, palipokaa jumla ya madeni yote. Jumla iliyokuwa 86,500 ikasoma 3,200. Mama akajua watu wamelipa, akaanza kuwakopesha upya! Mpaka leo kuna watu mtaani wanakunywa chai kwa hisani ya elimu yangu.

Wiki tatu natafuta kosa. Mwalimu kila nikimuuliza: "Rudia somo la pointa", yaani anwani za mahali kwenye kumbukumbu. Mwisho nikaandika kitu kile kile kwa Python, nikakosea vile vile. Ikagoma papo hapo: IndexError, yaani umeomba nafasi ambayo haipo, mstari wa 14. Nilikaa nikaitazama tu. Kumbe kuna lugha zinazosema!

Basi mimi nina sharti moja: mwanzoni shika lugha inayokupigia kelele ukikosea na kukuonyesha mstari. Java nayo inapiga kelele, kwa hiyo hapo sina ugomvi na wewe. Na sisemi C++ ni mbaya, kivinjari cha Chrome kimejengwa nayo kwa sehemu kubwa. Ila waliokijenga hawakuwa kwenye wiki yao ya pili.

Jamaa akikwambia "utakomaa humo humo", mlete dukani kwa mama aanze kulipa ile sukari.

Eh, na RAM. GB 4 inatosha.