Kabla hujapiga saruji kwenye nyumba ya mawe, tafuta maji yanakotoka

Dada uliyeuliza, kwanza pole kwa msiba wa mzee. Nimefurahi kusikia mmeamua kuitunza nyumba na si kuiuza. Umesema iko Mji wa Kale, Mombasa, ni ya mawe, ya ghorofa moja. Ukuta wa chini umeota chumvi, lipu inabanduka, chumba cha nyuma dari imeingia doa jeusi. Fundi amekupigia hesabu ya kubandua yote, kupiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji hadi usawa wa kifua, kisha rangi ya mafuta juu yake. Unauliza kama hiyo ndiyo njia ya bei nafuu.

Nakuomba usimpe kianzio. Kazi hiyohiyo niliifanya mwaka 2014 kwenye nyumba yetu ya Kiponda, hapa Unguja, na nikailipia mara mbili: mara ya kwanza kuiweka, mara ya pili kuitoa.

Mimi si fundi. Nyumba tumeachiwa na bibi yetu, tuko ndugu watano, na mimi ndiye ninayekaa ndani, kwa hiyo mzigo umeniangukia. Ninayokwambia nimejifunza kwa kuharibu na kurekebisha, na kwa kumfuata nyuma mzee mmoja fundi chokaa ambaye laiti ningemjua mapema.

Mwaka ule tulipiga saruji sebuleni na kwenye ukumbi, urefu wa mita moja na kitu. Iligharimu shilingi za kwetu milioni mbili na laki nne. Ikapendeza. Masika ya kwanza ikapita salama, nikajisifu kwa ndugu zangu. Masika ya pili nikaona mstari wa unyevu juu kidogo ya pale saruji ilipoishia, kama mtu kachora kwa mkono. Kufika mwaka 2017 mstari ulikuwa umenipita kichwa. Kisha usiku mmoja tukasikia kishindo. Kipande cha lipu ukubwa wa meza kilikuwa chini. Nilikigeuza. Mgongoni kilikuwa kimerowa, kinanuka udongo, na kimeng'oka pamoja na vipande vya mawe ya ukuta wenyewe. Pale ukutani ningeweza kuchimba kwa kidole. Saruji ilikuwa bado ngumu kama siku ya kwanza, ila nyuma yake ukuta ulikuwa umegeuka tope.

Sababu aliyonieleza yule mzee ni hii. Nyumba zetu hizi, za kwenu na za kwetu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi, na hakuna zuio la unyevu kwenye msingi kama nyumba za siku hizi. Maji huupanda tangu zamani. Lakini chokaa ina vinyweleo: maji yakiingia, hutoka tena kwa upepo na joto. Ukiziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi hadi yapate upenyo. Na kila yanapokauka yanaacha chumvi, chumvi inavimba ndani ya jiwe na kulisagasaga. Hiyo dawa ya kuzuia maji inayafungia ndani.

Sasa, hata chokaa haitakufaa kitu kama hujajua maji yanatoka wapi. Hapa ndipo pesa inapookolewa, na mafundi wengi hawaanzii hapa kwa sababu hapana kazi kubwa ya kulipwa.

Mimi nilipata jawabu langu kwa kusimama kichochoroni na mwavuli wakati mvua inanyesha. Nilisimama kama robo saa nikitazama juu. Gata lilikuwa limejaa majani na kinyesi cha kunguru, maji yanamwagika kwa nyuma na kuteremka na ukuta moja kwa moja hadi msingini. Bomba la kuteremshia maji lilikatika kiungo cha mwisho na lilikuwa linamwaga palepale kwenye kona ya sebule. Kona ileile iliyokuwa mbaya kuliko zote! Kusafisha, kubadilisha kipande cha gata, kurefusha bomba ili limwage mbali na ukuta, na kurekebisha mfereji wa kichochoro uwe na mteremko, yote hayo hayakufika laki tatu. Unyevu wa kona ile ulipungua ndani ya miezi minne kabla hatujagusa ukuta.

Kwa hiyo fanya hivyo kwenye mvua ijayo. Usiende baada ya mvua, nenda inaponyesha. Kisha panda juu ya dari mchana wa jua kali, funga mlango, ukae gizani. Kila tundu la bati utaliona linang'aa. Weka alama kwa chaki. Mabati ya pwani yanaliwa na chumvi ya bahari, na aghalabu yanaanzia kwenye misumari: mpira wa chini ya kofia unakauka, unapasuka, maji yanafuata msumari. Kubadilisha misumari na kuikaza ni kazi ya siku moja. Mwambie fundi apige kwenye mgongo wa bati, asipige bondeni ambako maji hupita. Kama mnabadilisha bati zima, nunueni geji 28, msishawishiwe na geji 32 kwa sababu ya bei. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba.

Jambo jingine la maji ambalo watu hulisahau ni bomba lenu wenyewe. Usiku funga koki zote za ndani, soma mita, asubuhi isome tena kabla mtu hajanawa. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Sisi tuligundua hivyo kwamba bomba la choo cha juu linavuja.

Nikija kwenye lile doa jeusi la dari ya chumba cha nyuma, hapo ndipo umenitia hofu zaidi kuliko chumvi ya chini. Sikiliza vizuri. Ghorofa za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta. Boriti katikati ya chumba inaweza kuonekana nzima, imara, nyeusi ya kupendeza, huku ncha yake iliyomo ukutani imekwisha. Unyevu wa ukuta ndio unaoiozesha, na ikishaoza mchwa hawachelewi. Chukua bisibisi ndefu, panda ngazi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikiwa nzima, bisibisi inagoma. Yetu moja, chini ya choo cha juu, bisibisi iliingia hadi kwenye mpini bila kusukuma, ikatoka na unga wa kahawia uliorowa. Nilichoma ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Boriti tatu zilizofuatana, na juu yake palikuwa na tangi la maji la lita elfu mbili ambalo mimi mwenyewe niliagiza lipandishwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nilikuwa nimeweka tani mbili juu ya boriti zilizooza, na watoto wanalala chini yake.

Siku ileile tulilimwaga tangi, tukafunga mirunda chini ya dari, watoto wakahamia chumba cha mbele. Boriti zilibadilishwa moja moja, si zote kwa pamoja, kila moja ikisubiri mwenzake akae. Ncha mpya zilipakwa dawa ya mchwa na kuachiwa nafasi kidogo ya hewa ndani ya ukuta, zisizungushiwe saruji. Tangi sasa liko uani chini, na pampu ndogo inapandisha maji. Kama na nyinyi mna tangi juu, literemsheni kabla ya lolote, hata kabla ya kuchoma hizo boriti.

Na nyufa nazo. Chora kwa penseli mahali ufa unapoishia, andika tarehe, tazama baada ya miezi mitatu. Ufa uliotulia ni wa kuziba tu. Unaorefuka, au ukuta unaotoa tumbo nje, huo si wa fundi wa mtaani, tafuteni mhandisi hata kama itabidi mchangishane. Sisi Unguja tumeliona jambo hili mbele ya macho yetu: Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafariki. Tangu siku ile mimi siutazami ufa kwa wepesi.

Ukishamaliza maji, ndipo uje kwenye ukuta. Bandueni saruji ya zamani kama ipo, na lipu iliyooza, taratibu kwa patasi, bila mashine ya kutikisa. Kisha uacheni ukuta wazi. Hapa ndugu zangu walinilaumu sana, maana sebule ilikaa na mawe wazi tangu Januari hadi Julai, wageni wanakuja wanatuonea huruma. Lakini ukuta mnene haukauki kwa wiki mbili. Kila chumvi ikichipua ifagie kwa brashi kavu, izoe uitupe nje. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Kwa majira yetu ya pwani, paa na gata nafanya wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kabla masika haijaingia. Lipu ya chokaa nafanya kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa sababu jua la kaskazi huikausha haraka ikapasuka.

Mchanganyiko aliotumia yule mzee ulikuwa debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Chokaa yake huizima mwenyewe shimoni, yaani huitia majini ikiwa mbichi, na kuiacha humo wiki kadhaa hadi iwe laini kama siagi. Mimi nisiyekuwa na shimo nilitumia chokaa ya mfuko niliyoiloweka kwenye pipa, na imeshika vizuri. Wakati wa kuzima chokaa mbichi maji huchemka na kuruka, watoto wawe mbali, na vaeni miwani na glavu hata kwenye kupaka, maana ikiingia jichoni ni hatari.

Lipu hupigwa tabaka jembamba, kama sentimita moja, ikishikana unakuja na la pili. Ukuta uloweshwe kwanza. Halafu kazi ambayo fundi wa haraka huiruka: kwa wiki nzima unainyunyizia maji asubuhi na jioni, na upande wa jua unatundika magunia yaliyorowa. Chokaa haigandi kwa kukauka kama watu wanavyodhani, inaganda polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka kabla ya wakati wake inabaki unga. Kazi hii ya kunyunyizia niliifanya mwenyewe na wanangu, hatukumlipa mtu.

Juu yake ni kupaka chokaa tu, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, yaani kupaka mara nne au tano. Mkono mmoja mzito utabanduka. Kila baada ya mwaka au miwili narudia mkono mmoja, gharama yake ni mfuko wa chokaa na brashi. Vigae ukutani na rangi ya mafuta usikubali, hata wakikwambia ni ya kuosha.

Madirisha ya mbao msiyang'oe kuweka ya alumini ya kuteleza. Yale ya mbao yanafunguka yote na luva zake zinapitisha upepo hata mvua ikinyesha, na upepo huo ndio unaokausha kuta na kukupunguzia bili ya umeme wa feni na eyasii. Mbao iliyooza hukatwa kipande chake na kuungwa. Miche ya mitini ikichipua kwenye ukuta, ing'oeni ikiwa bado ya urefu wa kidole.

Kuhusu pesa kwa warithi: sisi tulikubaliana sehemu ya kodi ya duka la chini iingie kwenye mfuko wa nyumba kila mwezi kabla ya kugawana, na risiti nazipiga picha na kuwatumia wote. Lawama zimepungua kuliko wakati nilipokuwa nawaomba mchango nyumba ikishavuja. Na kwa kuwa mko eneo la hifadhi kama sisi, ulizieni kibali kabla ya kubandua chochote cha nje, ili msije mkasimamishwa kazi katikati ya mvua.

Fundi umesema anakuja wiki ijayo. Mwambie asubiri. Jumamosi teremsha maji ya tangi kama liko juu, panda na bisibisi chumba cha nyuma, uchome boriti zote, hata zile unazoziona nzima, na uandike ipi imegoma na ipi imeingia, ukianzia upande wa doa. Ikiingia hata moja, hamisha watu chumba hicho usiku huohuo. Kisha nitumie orodha hiyo na picha ya gata mvua ikinyesha, nami nitamuuliza mzee.