Mustang yangu inazungusha tairi bure

SWALI: Shikamoo fundi, nina Mustang ya 1968 ya V8, mjomba kaniachia. Mvua ikinyesha kidogo tu huku Isamilo nikikanyaga mafuta kwenye mlima, tairi za nyuma zinazunguka bure, na matako ya gari yanarukaruka gudu gudu gudu. Niweke tairi pana? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza soma ubavuni mwa tairi, kwenye maandishi yanayoanza na DOT, namba nne za mwisho: 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, na mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juani, hata ukiwa na kashata zote hauwezi kushika. Nunua mpya zenye mpira laini kabla ya kuwaza upana, maana pana sana inaweza kusugua bodi. Na usishushe upepo hovyo kama wale wa mashindano.

Huko kurukaruka ndo ugonjwa wenyewe. Gari lako nyuma lina springi za bapa, injini ikisukuma ekseli inataka kujipindua, springi zinajikunja kama herufi S halafu zinaachia, zinajikunja tena. Angalia bushi na shokamzoba, zikiwa nzima bado linaruka basi mwambie fundi afunge vyuma vya kuzuia ekseli isijipinde, wenyewe wanaita trakshen ba.

Mwisho difu, ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Ya kawaida hupeleka nguvu tairi inayoteleza, weka ya LSD, yaani inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, ila mfuko ujiandae. Na mguu wako wa kulia nao, taratibu basi!