Julai Ikifika, Dizeli Inakwenda Wapi?

Ukungu ukianza kukaa juu ya mlima Loleza, hapa Mbeya, mpaka saa nne asubuhi, najua maswali yatakayokuja: gari linakula mafuta. Wengine wanalaumu baridi, wengine wanamlaumu fundi wa mwisho aliyeligusa. Safari hii nimechagua sita. La kwanza nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu nusu ya mliobaki mna ugonjwa huohuo.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya injini ya dizeli aina ya 5L. Tangu Juni gari linakula sana. Lilikuwa linakwenda kilomita 9 kwa lita, sasa hata 7 sifikishi. Fundi wangu anasema ni baridi tu, nivumilie mpaka Septemba. Ni kweli?
*Mama wa mbao, Njombe*

Marahaba, mama. Baridi ina makosa yake, lakini kutoka 9 hadi 7 ni kama mafuta yameongezeka karibu theluthi. Hiyo si baridi peke yake.

Tuanze na safari zako. Kama siku yako ni nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi karakana, kisha gari linalala masaa matatu na kupoa kabisa, basi injini yako haijawahi kupata joto lake. Injini ya baridi ina oili nzito, kuta za silinda zinanyonya joto ambalo lingesukuma pistoni, na sehemu ya dizeli inatoka ekzosi bila kuungua vizuri. Kilomita tatu za kwanza asubuhi ya nyuzi 6 ndizo ghali kuliko zote. Ukiweza, unganisha mizunguko yako iwe safari moja.

Halafu niambie: gari lako lina themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Usimuulize fundi, uliza hozi. Asubuhi gari likiwa limepoa, liwashe, shika hozi ya juu ya rejeta, ile nene inayotoka kwenye injini. Inatakiwa ibaki ya baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, kisha ghafla iwe ya moto mkononi mwako. Hapo ndipo themostati imefunguka, kwa magari mengi karibu nyuzi 82. Kama hozi inapata vuguvugu polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, ama themostati imekwama wazi ama haipo kabisa. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na upepo wa Njombe unaipoza injini ambayo haijawaka sawasawa.

Hili nimelilipia. Miaka ya nyuma Land Cruiser yangu ilichemsha katikati ya mlima wa Kitonga. Fundi wa barabarani akafungua, akaichomoa themostati, akaitupa kwenye majani na kusema hicho kidude ni cha nchi za barafu. Gari halikuchemsha tena na mimi nikamnunulia soda. Nilitembea hivyo miaka miwili, mshale wa joto ukilala robo, nikinung'unika kuhusu bei ya dizeli. Siku nilipofungua rejeta kwa sababu nyingine, nikakuta karibu nusu ya njia zake zimezibwa na kutu. Ugonjwa ulikuwa huo. Themostati haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mama, nunua themostati mpya, safisha rejeta, kisha pima upya. Jaza tanki hadi pampu ikate, andika kilomita, tembea mpaka tanki liwe karibu tupu, jaza tena kituo kilekile hadi ikate, gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu ndipo uamini. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi ni mwongo wa kuzaliwa.

Mzee, nina Canter isiyo na tabo, nabeba viazi toka Uyole kwenda Dar. Nikipanda mlima linatoa moshi mweusi hadi wenye bodaboda wananitukana. Fundi pampu anataka kugeuza skrubu ya pampu apunguze mafuta. Nimruhusu?
*Dereva, Uyole*

Moshi mweusi, kijana wangu, ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Unaiona kwa macho ikiondoka na hela yako.

Mbeya tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Hewa hapa ni nyembamba kuliko ya pwani, pungufu kama asilimia 17 hivi. Injini yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani, inajitafutia hewa ya ziada, yako haina wa kuisaidia. Pampu iliyosetiwa Dar inamwaga dizeli ileile ukikanyaga hadi chini, lakini hewa ya kuipokea imepungua. Ndiyo maana gari linalopumua vizuri Chalinze linakohoa Uyole.

Kabla ya skrubu, fungua eya klina, chujio la hewa ya injini. Ukipita Usangu wakati wa kiangazi vumbi linajaa kabla ya siku ulizohesabu. Unakuwa umekosa hewa kwa mwinuko, halafu unaikosa tena kwa vumbi. Kisha nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zipimwe kwenye mashine. Nozeli nzuri inapuliza kama ukungu. Inayodondosha matone inakula mafuta na inaweza kutoboa pistoni. Taimingi, yaani wakati dizeli inapoingia silinda, nayo iangaliwe, maana ikichelewa utapata moshi, joto na ulaji kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo skrubu, na igeuzwe pampu ikiwa kwenye benchi la kupimia, si kwa sikio chini ya mwembe. Gari linaloshinda Mbeya, Tukuyu na Tunduma linafaidika pampu ikipunguzwa kidogo. Wewe unayeshuka Dar kila wiki utajikuta na gari zito Morogoro. Mimi ningeiacha ilivyo, nikabadili mguu: moshi ukianza, legeza mafuta kidogo, shusha gia mapema, injini izunguke. Kukanyaga hadi sakafuni kwenye gia kubwa hakukufikishi juu haraka. Kunapaka rangi ukingo wa barabara tu.

Ni kweli nikijaza mafuta alfajiri napata mengi kwa sababu dizeli imesinyaa kwa baridi?
*Mkulima wa parachichi, Rungwe*

Dizeli husinyaa kweli, kama asilimia 0.8 kwa kila nyuzi 10. Lakini matanki ya kituo yamefukiwa ardhini, na huko chini joto la alfajiri na la mchana halipishani sana. Hata zingepishana nyuzi 10 kamili, kwenye lita 50 ungepata chini ya nusu lita. Lala. Ukitaka kuokoa hela kituoni, fuatilia bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinazotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, halafu ujue ujaze kabla au baada ya siku hiyo.

Kamwene baba. Nikishuka Kitonga huwa naweka nyutro, gari linateleza lenyewe na mafuta hayaliki. Rafiki yangu anasema nitakufa. Nani yuko sahihi?
*Kijana wa Ilula*

Kamwene. Rafiki yako yuko sahihi mara mbili.

Gari la dizeli likiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta na mlima unalisukuma, pampu inakata dizeli. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Pampu za zamani zinafanya hivyo kwa gavana, kidhibiti kilicho ndani ya pampu, za kisasa kwa kompyuta. Ukiweka nyutro, injini inarudi sailensa, mngurumo wake wa bila kukanyagwa mafuta, na lazima ilishwe isizimike. Kwa hiyo wewe ndiye unayetumia mafuta, si yule nyuma yako anayeshuka na gia ya tatu.

La pili unalijua. Bila gia, uzito wote unabebwa na breki, na breki ikishika moto unaweza kukanyaga hadi chini usipate kitu. Mabaki ya malori kule bondeni umeyaona, maana unaishi jirani. Shuka na gia ambayo ungepandia.

Fundi mwenye laptopu ameniambia ataitunia Toyota yangu ya dizeli ya D-4D kwa kompyuta, nguvu ziongezeke na mafuta yapungue kwa pamoja. Nimpe hela?
*Mfanyabiashara, Iringa mjini*

Nguvu anaweza kukupa. Mafuta kupungua inategemea mguu wako, na mwenye nguvu mpya hana mguu mwepesi. Gari la kisasa linajirekebisha lenyewe kwa mwinuko na baridi, lina sensa za hewa na joto kwa kazi hiyo. Kama limeanza kula, kuna kitu kimeharibika: sensa imechafuka, hozi ya tabo imepasuka na inavujisha hewa, nozeli imechoka. Mwambie aunganishe laptopu asome makosa kwanza. Akikataa kusoma na kung'ang'ania kuandika, funga boneti.

Mwingine wa Makambako aliniuliza kama upepo wa kwao nao unahesabika. Unahesabika sana. Ukienda 80 na upepo wa 30 ukikupiga usoni, bodi la gari linausikia kama 110. Siku hizo punguza mwendo, au kubali.

Shikamoo. Huku kwetu Makete Julai nyasi zinaamka nyeupe. Kila asubuhi naacha Prado likinguruma robo saa lipate joto kabla ya kwenda shule. Nakosea? Na wenye malori wanaoweka boksi mbele ya rejeta, wanajua wanachofanya?
*Mwalimu, Makete*

Marahaba, mwalimu. Dizeli ikiwa sailensa inaunguza kidogo mno kiasi kwamba haipati joto la maana. Utakaa robo saa na mshale hautanyanyuka. Injini ya ukubwa huo inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Robo saa kila siku kwa mwezi ni lita nne hadi saba zilizoungua getini. Subiri taa ya hita izimike, washa, ipe dakika moja oili ifike juu, kisha ondoka polepole bila kuipandisha mizunguko. Itapata moto njiani, ndani ya kilomita chache. Kama inawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, hita plagi moja au mbili, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa. Ni bei ndogo, badilisha.

Boksi ni ujanja halali kwa gari lenye themostati nzima linaloshinda milimani. Ziba nusu ya rejeta tu, na jicho liwe kwenye mshale. Ila ukiteremka zile kona hamsini na saba za Matamba, litoe kabla hujaingia tambarare. Likifika nawe Chimala bado limeziba rejeta, gari litachemsha mchana kweupe, na fundi atakayekukimbilia pale stendi atakuwa ameshashika spana mkononi, tayari kukuchomolea themostati.