Kwa nini ndege ya majini hugoma kuruka maji yakiwa shwari

Umeuliza kwa nini ndege kama Short Empire, zile ndege za abiria za Uingereza zenye tumbo la kuelea kama mashua, zilizotua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuanzia 1937, huwa nzito kuruka bahari ikitulia. Itazame tumbo kwa upande: nyuma kidogo ya kitovu cha uzito kuna kidato, mkato wa ghafla unaopanda juu. Kasi ikiongezeka, ndege huinuka na kuteleza kwa sehemu iliyo mbele ya kidato. Hewa inaingia nyuma yake na kubandua maji. Maji yakiwa kama kioo, hewa hiyo haipiti vizuri na tumbo linanata.

Dawa ni kuyavuruga: boti ipite mbele, au ndege ipige duara kisha ikate mawimbi yake yenyewe. Ikishakaa kwenye kidato, rubani asivute usukani kwa pupa, kwani sehemu ya nyuma ikizama mkokoto, yaani maji kuivuta ndege nyuma, unarudi. Pua ikishuka mno, inaanza kudundadunda, na hilo ni hatari kweli.

Kisumu ni kugumu zaidi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mbio zinarefuka. Hapo punguza mzigo.