Usiniulize Nakunywa Chai Gani

Juzi nimepata ujumbe: "Dada shikamoo. Nimeona picha zako za sendofu, umepungua mpaka raha. Naomba jina la hiyo chai unayokunywa, mimi nyama uzembe zimenizidi na harusi yangu ni mwezi ujao."

Marahaba mdogo wangu. Chai ninayokunywa ni ya majani, haina sukari, na ilinichukua miezi mitatu kuizoea. Hilo ndilo jibu fupi. Refu naliandika hapa kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza, na kwa sababu hilo neno lako limenichoma.

Nyama uzembe. Sijui nani alilitunga, ila najua nilivyolitumia. Miaka nane nilijiita hivyo mwenyewe, huku nacheka, ili mwingine asiniwahi. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, naandaa watoto, nagombania mwendokasi Kimara, nafunga hesabu za watu mpaka jua linazama, narudi saa tatu usiku na chipsi zege mkononi maana nani atapika saa hizo. Halafu naitwa mzembe. Na mimi naitikia!

Aliyeijua safari yangu mapema kuliko daktari yeyote ni fundi wangu wa nguo. Ana kaunta buku lenye jalada lililochakaa, vipimo vya wateja wote vimo humo kwa kalamu ya bluu. Kiuno changu mwaka 2015: inchi 31. Mwaka 2018, baada ya mtoto wa pili: 37. Mwaka 2021: 42. Mapema 2024: 46. Hakuwahi kusema kitu. Alianza tu kuacha mshono mpana ndani ya kila gauni, akijua nitarudi aufungue. Nilidhani ni ukarimu.

Na mtaani nani angenishtua? Kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza, mume anakutunza. Ukipungua unaulizwa kwa sauti ya chini kama unaumwa. Waliokua miaka ya 90 wanajua swali hilo lilikuwa linauliza nini hasa.

Basi nikahangaika kivyangu. Dada mmoja wa ofisini alikuwa anauza unga wa kukoroga asubuhi na chai ya usiku. Chai ile ilikuwa dawa ya kuharisha, tuseme ukweli. Nilishuka kilo 9 kwa wiki chache, nikapiga picha, nikasifiwa, na mimi nikawauzia wenzangu wawili (nisameheni). Ndani ya mwaka zilirudi kilo 12. Nikanunua tena. Mara ya tatu nilinunua kwa mkopo wa kikoba.

Siku niliyoanguka kizunguzungu ofisini walinipeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Muuguzi akanipandisha kwenye mzani pale koridoni, akasoma kwa sauti ya mnadani: "Mia na kumi na mbili! Mama, hebu punguza kula." Benchi zima likageuka. Presha ilikuwa 158 kwa 100. Daktari hakuinua kichwa, aliandika dawa ya presha na chini yake "apunguze uzito, mazoezi." Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Miezi miwili baadaye, dawa zilipoisha, niliendea kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza kwingine. Daktari wa pale hakuniambia nimenenepa. Alijua nimeingia mlangoni nikiwa nalijua hilo. Aliuliza maswali karibu nusu saa: Nalala saa ngapi? Nakoroma? Natumia njia gani ya uzazi wa mpango, na tangu lini? Dawa gani nyingine? Mama yangu ana sukari? Nikapimwa homoni za tezi ya shingo, nikapimwa ile sukari inayoonyesha wastani wa miezi mitatu. Tezi ilikuwa salama. Sukari ilisoma asilimia 6.2, yaani sijawa mgonjwa wa kisukari ila nimesimama kizingitini kwake. Ile sindano ya miezi mitatu niliyochoma tangu mtoto wa pili inaweza kuongeza uzito kwa baadhi yetu, tukakubaliana nibadili njia. Usiache yako kwa kusoma hapa, kaulize.

Ndipo nikasikia neno kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, likitamkwa bila kejeli. Unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukizidi 25 uzito umezidi, ukifika 30 ni kiribatumbo. Mimi, kwa kilo 112 na mita 1.62, nilikuwa karibu 43. Akachukua na tepu, sawasawa na ya fundi. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako, akasema. Nusu yangu ni inchi 32. Mara ya mwisho nilikuwa chini ya hapo ni ule mwaka 2015 kwenye kaunta buku.

Kilichonitua mzigo ni pale aliponieleza kwa nini kilo zilikuwa zinarudi. Mafuta ya mwili si mzigo uliolala tu. Yanatengeneza homoni, leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoupa ubongo habari za akiba. Ukikonda kwa pupa homoni inashuka, ubongo unadhani njaa imeingia nchini: unakuongezea hamu ya kula na kupunguza matumizi ya nguvu. Baadaye nilisoma utafiti wa mwaka 2016 uliowafuata washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito kule Marekani. Miaka sita baada ya makofi, wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa bado inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Nilisoma nikaikumbuka ile chai na mkopo wangu wa kikoba.

Afisa lishe naye aliniambia nije na sahani ninayolia chakula na kijiko cha sukari. Akanichotesha vijiko vya siku nzima ndani ya glasi: vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kimoja. Glasi ikasimama mezani na sukari yake nyeupe, tukaiangalia wote wawili bila kusema. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Chai peke yake ilikuwa imeshamaliza hesabu, na soda ya mchana sijaitaja. Ugali ukawa ukubwa wa ngumi yangu, mboga nusu sahani. Hiyo ndiyo "ratiba" mnayoniomba.

Miezi kama sita iliyofuata sina la kusimulia. Nilipima, nikatembea, nikarudi kliniki.

Leo nina kilo 94. Kwenye jedwali bado nina kiribatumbo, karibu 36, na mwenye kunicheka acheke. Presha imeshuka, sukari imerudi mstari salama. Daktari alishanieleza kwamba hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito ikitoka mwili unapata nafuu. Mimi nimetoa 16, na najivunia.

Sasa mdogo wangu, sikia. Nenda kapimwe. Usianze na mimi wala na anayeuza unga. Andika dawa zako zote, uende nazo. Ulizia afisa lishe, hospitali nyingi za wilaya wanaye, watu tu hatuwaulizii. Wapo wanaohitaji dawa, wapo wanaohitaji puto la tumboni kama wanavyoweka hospitali ya Mloganzila, wapo wa upasuaji, lakini anayeamua hivyo ni mtaalamu aliyekupima. Zile sindano za kupunguza uzito, za semaglutidi, nazo ni dawa za kweli, ila msinunue kwa mtu anayeziuza pamoja na mawigi. Na daktari akikupigia kelele, hama. Mimi nilipoteza miezi miwili kwa aibu ya benchi moja. Kapimwe, nasema tena. Harusi itapita, mwili utabaki nao.

Jumamosi nilipeleka magauni matatu yapunguzwe. Fundi akazungusha tepu, akaandika 39, akalitazama kaunta buku, akanitazama. "Dada, uko salama lakini?"

Nikamwambia nipo kliniki.

Akashika kitambaa kilichozidi kwa vidole viwili, mkasi mkono wa pili. "Nikate au nikunje?"

Nikamwambia akunje.